Kiti cha Mwenye Sauti

Mwaliko wa Taasisi ya Usikivu hautaji jina la mtu anayetaka kukufuta. Unaambiwa siku ya kufika, unaambiwa uje na kitambulisho, na unashauriwa usile karanga wala kitu chochote cha kukwaruza koo, kwa kuwa sauti yako inahitajika ikiwa safi. Basi. Njia nzima ya kupanda kilimani, juu ya mji wa Iringa, nilikuwa nawapitia kichwani watu wanaonichukia, na haikuwa kazi ndogo. Nilimfikiria mume wangu wa zamani. Nilimfikiria profesa mwenzangu mmoja niliyemwambia mbele ya mkutano mzima kwamba grafu zake zimechorwa na mtu mwenye njaa. Binti yangu hakunijia akilini hata mara moja.

Mkurugenzi, Daktari Fidelis Mhongole, alinipokea katika ofisi iliyokuwa yangu. Fidelis alikuwa mwanafunzi wangu, wa aina ile isiyofeli mtihani na isiyouliza swali. Alikuwa amebadilisha mapazia tu, tena kwa rangi mbaya.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Ni nani?"

"Tukae kwanza. Utakunywa chai?"

"Fidelis, sikuja kuposwa. Ni nani?"

Akainamisha macho mezani. "Ni Otilia."

Nilikaa. Chai ililetwa nikainywa, moto hivyo hivyo. Niliumia, na niliona aibu kuumia mbele ya kijana niliyemfundisha jinsi ya kumshika panya wa maabara bila kung'atwa.

Siku hizi kufutana, yaani kuizima sauti ya mtu kichwani mwako, ni jambo la kawaida. Watu wanawafuta waume walioachana nao, mabosi, mawifi. Kwenye misiba kila ukoo una mpokezi wake, mtu wa kukaa katikati na kumrudia kaka maneno ya dada aliyemfuta, maana kaka anaona midomo inacheza tu. Vijana wanatambiana stendi kuhusu baba zao: "Mshua nilishamfuta zamani." Mimi sikuigundua njia hii kwa ajili yao. Niliigundua kwa ajili ya watu walioteswa, ambao sauti ya mtesaji ilikuwa haiwatoki kichwani. Nilitengeneza dawa ya kidonda. Bunge likapitisha haki ya masikio, na dawa ikageuzwa sabuni ya kunawia.

"Unaujua utaratibu," alisema Fidelis.

"Niliuandika mimi."

Kwa asiyeujua, nitaueleza. Sauti haikai sikioni. Kazi ya sikio ni kupokea: ngoma yake inatikisika, mtikisiko unaingia kwenye kile kikonokono cha ndani, vinywele vya humo vinaugeuza kuwa umeme, na neva inaupeleka kwenye ubongo. Ni huko, juu kidogo ya sikio, ndiko sauti inakopewa mwenyewe. Huyu ni baba, huyu ni jirani, huyu ni mimi. Maisha yangu yote ya utafiti nilipatafuta mahali hapo, na nilipopapata nikatafuta namna ya kupalaza usingizi. Anayefuta anapewa dawa inayoulainisha ubongo wake uwe kama wa mtoto anayejifunza kusema. Anakaa kitini, na mwenye sauti anakaa kiti cha mbele yake na kuongea. Mashine inatazama ni seli zipi zinazoitika, kisha inazilaza, kundi baada ya kundi, mpaka sauti ya mtu huyo inakwisha. Hata kumbukumbu yake inakwenda, kwa sababu ubongo unakumbukia pale pale unaposikilizia. Hakuna anayejua namna ya kuziamsha tena. Mimi mwenyewe nilijaribu, nikashindwa.

"Una haki ya kukataa kukaa," alisema Fidelis. "Ukikataa, sheria inaturuhusu kutumia sauti iliyorekodiwa. Na wewe, Profesa, tuna mihadhara yako yote."

Alilisema hilo kwa upole, kama vile anataja hali ya hewa. Nikaweka kikombe chini.

"Unamkumbuka katekista wa Njombe?"

"Yule mzee alikuwa na matatizo ya umri."

Yule mzee hakuwa na tatizo lolote la umri. Alimfuta kaka yake kwa ugomvi wa shamba la chai. Baada ya muda akaanza kulalamika kwamba kipaza sauti cha kanisani kinazimika kila anapoanza kuhubiri. Parokia ikanunua kingine. Nacho kikazimika. Waumini walikuwa wanamsikia vizuri kabisa. Yeye ndiye aliyekuwa hajisikii. Sauti za ndugu wa tumbo moja ni majirani, na seli zilizolazwa kwa ajili ya kaka zilikuwa zimewaburuta na majirani zao. Walipomfuta kaka walitumia hotuba zake za siasa, saa nyingi za kucheka, kukohoa, kubembeleza na kufoka, na wavu wa namna hiyo haubakizi kitu. Niliandika ripoti. Wakanipa zawadi ya saa ya ukutani na kunistaafisha.

"Ripoti yako ilijadiliwa," alisema Fidelis.

"Na watu wanaokula kwa kiti hicho hicho. Fidelis, Otilia ana sauti yangu. Baba yake alikuwa akipiga simu nyumbani anaanza kumwomba mtoto msamaha, akidhani ni mimi. Ukitumia mihadhara yangu, atajifuta mwenyewe. Na yule anaishi kwa sauti!"

"Basi kaa kitini, Mama," alisema. Alikuwa hajawahi kuniita Mama. "Sauti ya ana kwa ana inaacha alama ndogo zaidi. Hayo nayo uliyaandika wewe."

*

Nilimkuta Otilia kwenye benchi la bustanini, amevaa koti la redio yake lenye nembo mgongoni. Anatangaza mpira. Wanawake wanaotangaza mpira wako wengi, lakini mabao ya Otilia watu wanayarudia vijiweni neno kwa neno, pumzi kwa pumzi. Mimi nilimtaka awe daktari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Tukatazama maua. Upepo wa Iringa ulikuwa unavuma kwa ule ubaridi wake wa kukata masikio.

"Otilia, sikiliza. Sauti za ukoo mmoja zinakaa karibu karibu kwenye ubongo, na..."

"Nilijua utakuja na utafiti. Wewe hata maji ya kunywa unayaomba kwa utafiti."

"Unaweza kuacha kujisikia mwenyewe."

"Dokta Mhongole amesema haijamtokea hata mtu mmoja."

"Fidelis ni mwongo."

"Kila asiyekubaliana na wewe ni mwongo, mama. Baba mwongo. Dokta mwongo. Mwalimu wangu wa muziki mwongo."

Mwalimu wa muziki alikuwa mwongo kweli, lakini haukuwa wakati wake. Otilia akageuka, akanitazama usoni, na hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira.

"Fainali ya mkoa," alisema. "Penalti ya mwisho. Kipa amesimama, mpigaji anarudi nyuma, watu wameacha kazi wananisikiliza. Nafungua mdomo. Unajua ninachosikia? 'Usipayuke, Otilia. Mwanamke msomi hapayuki.' Koo likafunga. Redio ikakaa kimya, mpaka watu wakasikia uwanja umelipuka na hawajui nani kafunga. Si mara ya kwanza, mama. Wameniambia ikitokea tena nitafute kazi nyingine."

"Sikupigii simu tena baada ya mechi. Niliacha."

"Najua uliacha. Lakini huhitaji tena kupiga." Akajigusa kichwani, juu kidogo ya sikio, mahali penyewe kabisa, ningempa alama zote. "Uko humu. Nikishika maiki tu, unaanza. Nimeenda kwa washauri, nimeenda kwenye maombi. Nimechoka. Sitaki kugombana na wewe. Nataka kufanya kazi yangu."

Nilitamani kumwambia kwamba kila Jumapili naifungulia redio hadi jirani anagonga ukuta. Nikaona atadhani namrubuni, kwa hiyo sikusema.

"Nitakaa kitini," nilisema.

"Kweli?"

"Nikikataa watatumia mihadhara."

"Asante, mama," alisema, kwa adabu ile ile unayompa mtu aliyekupisha kwenye foleni.

*

Chumba kimya hakina dirisha, na kuta zake zinameza kila mnong'ono. Nsia, fundi wa mashine, alikuwa amemaliza kumvisha Otilia kofia ya nyaya. Nsia nilimwajiri mimi, akiwa binti wa Kichaga aliyetoka chuoni na hasira ya kutaka kujua kila kitu, na mashine ile anaijua kuliko Fidelis anavyoujua uso wake mwenyewe.

"Nsia, kabla hujaanza, ipime na sauti yake mwenyewe."

"Haimo kwenye utaratibu, Profesa."

"Najua haimo."

Akatazama mlango. Kisha akamwambia Otilia asome kwa sauti mistari michache ya habari za michezo, na kwenye skrini ikatokea doa la manjano. Hiyo ndiyo sauti ya Otilia ndani ya Otilia. Nsia akaizungusha skrini ili niione nikiwa kitini pangu, nyuma ya bega la binti yangu, mahali ambapo yeye mwenyewe hakuweza kuiona.

Akasoma masharti. Anayefuta akiinua mkono, mashine inazimwa na kila mtu anakwenda nyumbani, ilimradi ainue kabla seli hazijaanza kulazwa kwa wingi. Mwenye sauti aongee lolote, ila haruhusiwi kumsihi anayefuta wala kuuzungumzia ufutaji. Akifanya hivyo anatolewa nje na zinatumika rekodi. Sharti hilo nililiweka mimi, kwa sababu ya watesaji waliokuwa wanafika pale na kupiga magoti. Nililisikiliza likisomwa, nikaona lilivyoandikwa vizuri, bila mwanya hata mmoja.

Dawa ikaingia. Macho ya Otilia yakalegea, kama yalivyokuwa yakilegea utotoni akishiba.

"Anza, Profesa."

Sikuwa nimeandaa kitu. Nikasema kilichokuja.

"Ulikuwa unaogopa mvua ya mawe," nilimwambia. "Tulikuwa tunakaa zile nyumba za bati za chuo, na ikianza kupiga unalia mpaka unapaliwa. Siku moja nikakuingiza chini ya meza ya jikoni, nikakupakata, nikaanza kukutangazia. Nikasema, jiwe lile kubwa linateremka, linateremka, linampita mwenzake, linalipiga bati la mama Mgaya! Lile dogo limekosa, limeangukia kwenye ndoo. Ukaacha kulia. Ukaniambia, mama, na hilo lingine? Na hilo lingine?"

Otilia alitabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu hilo tangu aliposomea utangazaji bila ruhusa yangu. Lilianza upande mmoja wa mdomo, likapanda hadi machoni. Vidole vya mkono wake wa kulia vikatikisika juu ya kiti. Sauti yangu ilikuwa imeshuka chini, imelainika, na nikaona raha ambayo sina jina lake.

Nsia akakohoa.

Nikatazama skrini. Sauti yangu ilikuwa doa la bluu, na doa la bluu lilikuwa linatambaa juu ya lile la manjano. Yalikuwa yamelaliana zaidi ya nusu, na palipolaliana palikuwa kijani. Nikaelewa papo hapo. Ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Mtoto anachukua wimbo wa sauti iliyompakata. Otilia alijifunza kusema kutokana na sauti ile ya chini ya meza, na ndiyo aliyokuwa nayo kooni mpaka leo, na ndiyo anayotangazia mabao. Sauti yangu ya ukali aliijua baadaye sana, akiwa tayari na yake, na hizo hazikufanana. Doa langu likilazwa popote lilipo, mimi mzima ningekwisha; swali lilikuwa kama lingeondoka na lake.

Mashine ilikuwa inahesabu, karibu ianze kulaza. Kama ningeendelea na mvua ya mawe ingelaza kijani, na siku si nyingi Otilia angeshika maiki na kudhani imezimika. Kumweleza nilikuwa siruhusiwi. Kunyamaza maana yake ni mihadhara. Nilibaki na njia moja, na niliichukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote.

"Kaa vizuri," nilisema. "Umekaa kama gunia."

Tabasamu likasita.

"Nakusemesha, Otilia. Mgongo. Ndivyo unavyokaa na huko redioni? Haishangazi. Nimekusomesha kwa shida, mtu una akili za kuweza kufungua vichwa vya watu na kuvitibu, umekwenda kupiga mayowe kwa ajili ya wanaume wanaokimbiza mpira. Unajua wenzangu wananiuliza nini? Wananiuliza, yule wa redioni ni wako kweli? Nami nawaambia ni jina tu limefanana."

Tabasamu lilikwisha. Vidole vikatulia juu ya kiti. Kwenye skrini doa la bluu likajivuta nyuma kidogo, na ukingo wa manjano ukaonekana.

Kwa hiyo niliendelea. Nilimsema nywele zake. Nilimsema nyumba yake isiyofagiliwa na yule mwanamume wa Makambako aliyekula ujana wake na kuondoka. Maneno yakaniishia, kwa sababu kwa kweli sikuwa na mengi ya kumlaumu, ikabidi nianze kutunga. Kila nilipolegea, kijani kilirudi. Kila nilipomchoma, madoa yaliachana. Nsia alikuwa amegeuzia uso wake ukutani.

"Na sauti yenyewe huna," nilimwambia. "Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kukwambia, basi nakwambia mimi mama yako. Hiyo si sauti ya redio. Hiyo ni sauti ya kuitia wateja wa vitumbua stendi. Wanakucheka. Mimi naizima redio ukianza tu."

Machozi yalimshuka Otilia bila uso kubadilika. Bluu ikasimama peke yake, mbali, na kati yake na manjano pakawa pana nafasi safi. Mashine ikaanza kulaza. Mimi nilikuwa bado nafoka kuhusu kitu fulani, nadhani viatu, alipoinamisha kichwa upande kama mtu anayesikia redio yenye mkwaruzo, halafu akaacha kuyatazama macho yangu na kuanza kuitazama midomo.

"Imekwisha, Profesa," alisema Nsia. "Nyamaza sasa. Hakusikii."

*

Baada ya maji na dakika za kupumzika, Nsia akamvua kofia ya nyaya.

"Sema jina lako."

"Otilia."

"Umejisikia?"

"Vizuri tu."

"Hebu tangaza kidogo. Chochote."

Otilia akafuta uso kwa kiganja, akacheka kwa haya, kisha akavuta pumzi. "Anauchukua katikati ya uwanja, anamwacha wa kwanza, anamwacha wa pili, kipa anatoka, kipa anatokaaa..." Akaliachia bao lote, refu, bila koo kufunga, hadi kuta za chumba kimya zikaelemewa. Akajishika kichwa. "Nsia, hakuna kitu! Humu ndani kumetulia. Najisikia mimi peke yangu."

Nilifurahi. Nataka hilo lieleweke, maana kuna watakaosema nilikuwa nalia kwa jambo jingine. Nilikuwa nimemrudishia sauti yake nzima, haina hata kona iliyoliwa, na katika kazi zangu zote hakuna niliyoifanya kwa usafi kama ile.

Otilia alianza kuvaa koti. Watu wakishamfuta mtu wanasahau haraka kwamba yeye bado anawasikia, na wanaongea mbele yake kama mbele ya kabati.

"Umemsikia lakini?" alimwambia Nsia. "Siku ya mwisho kabisa, na bado. Unajua, pale mwanzo nilitaka kuinua mkono. Pale kwenye mvua ya mawe. Nilikuwa nimeshaanza kabisa kuinua. Nikasema, kumbe yupo huyu mama, mbona hakuwahi kunionyesha? Angeendelea vile kidogo tu, ningekwambia uzime, tukaenda zetu nyumbani wote wawili."

Nsia alinitazama. Niliona anafungua mdomo amweleze kila kitu, skrini, kijani, yote. Nikatikisa kichwa. Seli zilikwishalala, na Otilia angepata jambo la kubeba maisha yake yote bila kuweza kulitua popote.

"Mwambie ametangaza vizuri," nilimwambia Nsia. "Mwambie sijawahi kusikia mtangazaji anayemfikia."

"Anasema nini?" Otilia aliuliza, akiitazama midomo yangu.

Nsia akamgeukia. "Anasema umetangaza vizuri. Anasema hajawahi kusikia mtangazaji anayekufikia."

Otilia alimalizia kifungo cha juu cha koti, akamshika Nsia mkono kwa wema.

"Una moyo mzuri, Nsia," alisema. "Lakini mama yangu namjua mimi."